Nani Aliyembemenda Elia

Hapa Kawajense ninapokaa, jirani yangu hukaanga karanga za kuuza kila jioni. Harufu ikinifikia hasira hunipanda kwanza, njaa hufuata. Msinicheke, nina sababu.

Nilikuwa darasa la pili, tukiishi Magamba, baba akiwa machimboni anatafuta dhahabu na kurudi kwa nadra. Mdogo wangu Elia alikuwa ameachishwa ziwa mapema, akinywa uji wa sembe, mweupe mtupu, asubuhi na jioni. Mwanzoni tulimsifia. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, kila mgeni akisema mtoto amenona. Kisha nywele zake zikawa laini na nyekundu kama nyuzi za hindi bichi. Akaacha kucheza, akawa analia kwa sauti ndogo mpaka usogee ndipo umsikie.

Hapo ndipo Shangazi Kalunde, dada yake baba, alipoleta lile neno: mtoto kabemendwa. Mimi nilidhani kuna mtu kaja kumbemenda, kama mtu anavyomfinya mtoto wa mwenzie. Nikamuuliza shangazi, mbele ya wanawake waliokuja kutusaidia kumenya karanga, ni nani huyo nikamshtaki kwa mwalimu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka.

Mtaniambia nisiwaseme wakubwa. Nitawasema. Mtoto mdogo akidhoofu, kwao kosa lilikuwa la mama: ametoka nje ya ndoa, kisha akambeba mtoto na uchafu wake. Dawa ilikuwa mama akiri, ataje jina la mwanamume, ndipo mtoto aogeshwe kwa majani. Ukimkimbiza hospitali kabla ya kukiri, eti atafia njiani.

Mama alikwishampeleka zahanati kimya kimya, nami nikiwa nyuma yake. Muuguzi alibonyeza mguu wa Elia kwa dole gumba, shimo likabaki. Akasema huko si kunona, ni maji. Mtoto ana utapiamlo, amekosa vyakula vya kujenga mwili, apelekwe hospitali ya mjini leo hii akalazwe. Tukarudi nyumbani kuchukua kanga na sufuria, tukakuta ukoo wa baba umekaa uani, pembeni ya magunia ya karanga yaliyokuwa yanasubiri mnunuzi.

"Mama Neema, taja jina," shangazi alisema. "Mtoto anatuishia huyu. Wewe taja tu, hatukupigi."

Mama alimkalisha Elia juu ya gunia, akambonyeza mguu. Shimo likabaki, wote tukaliona.

"Mnataka jina? Anaitwa njaa," alisema. "Anakaa humu humu na sisi, na nyie karanga mnamwekea mnunuzi."

Akachana gunia kwa kisu cha jikoni, akajaza karanga kwenye sufuria, akamfunga Elia mgongoni na kunipakia nyuma yake kwenye bodaboda. Shangazi alisema kwa sauti kwamba mtoto akifa asiletwe pale. Mama hakugeuka.

Elia alilazwa, akanyweshwa maziwa ya dawa kidogo kidogo. Maji yalipomtoka alibaki mifupa, nami nikalia nikijua shangazi alisema kweli. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anapona. Leo anaendesha bajaji mjini, na akija kwangu sufuria haibaki na kitu.

Nilikaa miaka nikidhani siku ile mama aligombana na watu kwa ajili ya karanga. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba jina lolote lingewatosha. Angesingizia mpita njia, akalia kidogo, wangemsamehe na kumwogesha Elia majani, na tungemzika akiwa safi. Mama alikuwa anatetemeka kwenye ile bodaboda, nilimshika kiuno nikahisi. Nilidhani ni baridi.

Mwezi uliopita nimejifungua. Shangazi Kalunde, mzee sasa, alikuja kumwona mtoto, akamshika mguu akasema, "Huyu amenona." Nikambonyeza mwanangu ule mguu mbele yake, taratibu. Nyama ikarudi pale pale. Tulitazamana, kisha nikamwekea sahani ya karanga na kumwambia ale zote.