Mashua ya Hippolyte na Mama Mukwe

Hippolyte anauza samaki pale Kashikishi, lakini ukimuuliza kazi yake, atakuambia anaandika historia ya mashua. Mashua moja tu, ile ambayo moteri yake ilizimika katikati ya ziwa Mweru, dhoruba ikaisukuma mpaka kisiwa cha Chisenga, miaka mingi kabla yeye hajavuka kutoka Kongo. Bibi yake, Cadette, anasema heri angeolewa na mulevi, maana mulevi angalau analala.

Taabu ya historia ya majini ni kwamba maji hayaachi alama. Unabaki na midomo ya watu, na midomo ya Kashikishi, ee Mungu wangu! Hippolyte aliacha kuuliza juu ya mawimbi, kwani mawimbi yalikuwa yanakua kila mwaka. Akawa anauliza tu: siku ile mikono yako ilishika nini? Kila mwanaume alijibu kwamba alishika kafi. Ilionekana ile mashua ilijaa makafi, nafasi ya kukaa mutu haikuwepo. Wengine waliopiga kafi walikuwa hata hawajazaliwa.

Shahidi wa kuaminika alibaki mumoja: mama mukwe wake, Priscille, kule Kafutuma, ambaye alikuwa ndani ya mashua ile. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mukwe mwenye heshima hamutazami mama mukwe wala hasemi naye. Basi Hippolyte aliketi nje, uso kaelekeza ukutani, Priscille ndani ya mulango, na Cadette katikati kubeba maneno ambayo hata kuku wa jirani walikuwa wanayasikia.

Njiani Cadette alikuwa amemuonya. Marehemu baba yake, Léopold, alisema, ndiye aliyeiokoa mashua, na kitabu kikimuaibisha, yeye Cadette anabaki Kafutuma kwa mama yake, harudi tena. Hippolyte anamupenda bibi yake kuliko kitabu, ila kidogo tu.

Akauliza siku ile ya dhoruba Léopold alikuwa anafanya nini. Priscille akasema alikuwa amelala chini ya magunia ya samaki wakavu, analia kwa sauti.

Cadette akamugeukia bwana yake. “Mama anasema baba alikuwa anasali.”

Sasa ufanye nini? Masikio yamesikia kilio, heshima inasema umesikia sala. Hippolyte akaandika sala, roho ikimuuma.

Priscille akauliza bwana huyo ameandika nini. Jibu hakulingoja, maana ile sala ya binti yake alikuwa ameisikia. Ndipo yule mama akatoka nje, akasimama mbele ya mukwe wake, akamutazama usoni. Hippolyte nusura aingie ndani ya ukuta.

“Mukwe, futa. Wale wengine walikuwa wanajifanya mashujaa, hakuna aliyekumba hata kikombe cha maji kuyatoa mashuani. Léopold peke yake alisema anaogopa. Na mimi nilikuwa naogopa. Nikaingia chini ya magunia, nikamushika mukono, hata jina lake sikulijua. Nilimupenda pale pale. Andika analia.”

Hippolyte akafuta, akaandika, akasoma kwa sauti ili mama ahakikishe. Hakuthubutu kuinua kichwa. Cadette alikuwa amekaa chini kwenye udongo, machozi yanamutoka, wala hakuyapangusa.

“Soma tena,” akamwambia bwana yake. “Pale mama anamushika mukono.”