Foleni ya Mezani

Karani wa forodha pale mpakani Malaba ana kichwa cheupe kwa mvi, na kila Desemba huja kazini na sanduku la kadibodi lenye vidirisha ishirini na vinne, kimoja kwa kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Apio, anayemletea chai, amezoea kumwona akikifungua cha siku hiyo kwa ukucha, taratibu, asichane hata ukingo. Gari dogo la kuchezea lililofichwa humo likitoka, hulipuliza vumbi lisilokuwapo, hulikagua juu na chini, kisha hulipanga mwisho wa foleni mezani, kama matrela yanayongoja nje. Ya miaka iliyopita yamejaa kabatini.

Siku ya ishirini na nne alitoka Baba Krismasi juu ya lori jekundu. Apio akamsogeza mbele kabisa. "Mzee, huyu iko na zawadi ya watoto. Si apite tu?"

"Foleni ni foleni, mama," akasema, akamrudisha nyuma. Kisha akavaa miwani, akayavusha magari yote moja moja hadi upande wa pili wa meza, kila moja akiligonga muhuri kwa kidole. Lori jekundu lilipovuka ndipo alipoikumbuka chai. Ilikuwa imepoa. Akainywa kwa raha zake. "Miaka ishirini," akasema, "mzigo wa Krismasi haujalala hapa mikononi mwangu."