Tajiri Asiyesema Karibu

Gari la sinema lilikuja kwetu mara moja tu, mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, nami nikiwa likizo kutoka sekondari. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, mtambo ukanguruma, na hadithi ikaanza: tajiri mmoja ananunua nafaka ya majirani zake, anaificha, njaa ikiingia anawauzia kwa bei anayotaka.

Watu walitazama kimya. Alipompunja mjane, kimya. Alipomfukuza kaka yake, wachache wakaguna. Lakini alipofunga mlango, akakaa peke yake mbele ya kuku mzima na kuanza kula, uwanja ulilipuka.

"Hata karibu hasemi!" bibi yangu alifoka. "Wewe! Huoni watu tumejaa hapa?"

"Bibi, huyo hakuoni," kijana mmoja alimcheka.

"Haoni kwa sababu ya ulafi!"

Watu wakacheka mpaka mwenye mtambo naye akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa namfikiria baba. Alikataa kuhama nasi, akabaki Shelui akinunua ngozi na kuzipakia kwenye malori, na tangu tuhame hakuwahi kutia mguu nyumbani. Kijijini walimwita bepari, mbele yangu kabisa. Kila jioni mama alimwekea baba ugali wake, akaufunika kwa ungo, na asubuhi tukaula umepoa.

Nilitaka kujua jambo moja tu: baba naye hufunga mlango? Nililala nikiomba, "Mungu, asiwe kama yule." Sikuomba arudi. Niliona haya kuomba mambo mawili kwa mpigo.

Likizo ilipokwisha, lori lililotupeleka sisi wanafunzi shule lilisimama Shelui. Nilimwona baba kando ya rundo la ngozi, amekaa peke yake, sahani ya ugali wa mtama na bakuli la mlenda mbele yake. Miguu ilinitaka nirudi kwenye lori. Nikasimama palepale, sijui niweke wapi mikono, mpaka akainua kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akasogea, akakung'uta vumbi kwenye ngozi aliyokalia ili nami nipate nafasi. "Karibu, mwanangu. Nawa, tule."

Nilinawa. Kulikuwa na mengi ya kusema, nikapata hili tu: "Mama bado anakuwekea."

Akaacha kutafuna. "Ananiwekea nini?"

"Ugali. Kila siku."

Alisukuma bakuli la mlenda upande wangu, likavuka katikati, likanigusa goti.

Utingo akaanza kugonga bodi ya lori. "Wanafunzi! Twende, jua linakwenda!"

Baba akaniambia nile upesi, nitaachwa. Nikaitikia ndiyo, baba, huku nikizidi kukata matonge madogo madogo, ili ule ugali usiishe.