Aliyeupa Moto Kisogo

Wenzangu wa kijijini Kansay, Karatu, huwaonea wivu wanawake wengine. Mimi, Germana, niliuonea wivu ukanda wa chuma.

Mume wangu Ngoitiko ni mtoto wa wahunzi wa Enguserosambu. Wamaasai hununua sime na mikuki kwa wahunzi, lakini binti zao hawawaozi wahunzi hao. Ndiyo maana akaja kuoa Muiraqw kama mimi. Sijuti, ingawa ana kichwa kigumu kuliko fuawe ya baba yake. Huyo baba, mzee Senteu, alimfundisha jambo moja tangu utotoni: chuma kikiiva, rangi yake itakuambia. Usiulize mtu, tazama moto.

Kwa ujuzi huo wa moto alipata kazi ya ufundi katika maabara ya chuo, Dar es Salaam. Bosi wake, Dokta Scholastika, alichunguza kanda za chuma kilichochanganywa na silikoni na boroni, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ukiuoka ukanda huo saa moja kwa nyuzi mia tano na hamsini, ndani yake huota chembe ndogo mno, na unakuwa sumaku tiifu: umeme ukija unashika, umeme ukiondoka unaachia. Transfoma nzuri inataka chuma cha namna hiyo. Ukizidisha moto, chembe zinavimba kama madonge ya ugali, na chuma kinaingia kisirani. Hakishiki upesi, na kikishika hakiachii.

Mwaka 1996 ulibaki ukanda mmoja tu. Kipimajoto cha tanuri kikafa, Dokta yuko safarini, na majibu yanasubiriwa. Ngoitiko akasema moto anaujua. Akachungulia tanurini, akangoja wekundu, kama alivyofundishwa. Masikini wa Mungu! Kwa nyuzi zile, mchana kweupe, ukanda haupaswi kuonekana mwekundu hata kidogo. Ulipopimwa, ulikuwa umeharibika kabisa.

Hakufukuzwa, alijifukuza mwenyewe kwa aibu. Akarudi Karatu, akafungua karakana ya kuchomelea magari ya watalii. Miaka sita nikaishi na mwili wake tu, roho imebaki kwenye tanuri ya watu. Akinywa chai anaduwaa, kikombe kinapoa mkononi.

"Mama Joel," ananiambia, "ningepewa saa moja tu."

"Saa moja ya nini, Baba Joel? Unazo ishirini na nne kila siku, na paa linavuja."

Nilimtania, lakini nilimwona anavyokonda, na iliniuma. Mtu akitamani shamba utamsaidia kulitafuta. Huyu nimsaidie vipi?

Mwaka 2002 nikamwekea kalamu na karatasi mezani, nikamwambia hakuna chakula mpaka aandike. Dokta akajibu: njoo, ukanda upo, na kipimajoto ni kipya. Akaenda. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake kama bwana harusi. Ukanda ulikuwa umeiva sawasawa, na kazi yake wamemrudishia.

Akataka baba yake asikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukapanda lori mpaka Enguserosambu. Tulimkuta mzee Senteu anafua sime. Akaweka nyundo chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulijuaje kuwa kimeiva?" akauliza.

"Kwa namba, baba. Nilikaa nikiangalia namba. Tanuri niliipa kisogo, macho yasije yakanidanganya tena."

Kimaasai changu ni cha kuombea maji, lakini alichojibu mzee nilikielewa chote.

"Macho hayo nilikupa mimi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Miaka sita Ngoitiko alikuwa ameililia saa ile, na sasa ameipata, nikamwona amesimama mbele ya baba yake kama mtu aliyeiba.

Akavua shati lake la safari, akachuchumaa, akashika mivukuto. Mzee akakitia chuma motoni, akakishikilia kwa koleo. Moto ukapanda. Chuma kikawa chekundu, kikazidi kuwa chekundu, na mzee hakukitazama. Alimtazama mwanawe, akangoja.

"Sasa," Ngoitiko akasema.

Mzee akakitoa.