Ngozi Kumi za Machibya

Machibya ndiye aliyekuwa akichambua ngozi katika ghala la Mzee Liaqat, pale Mirongo. Mimi nilifunga kamba. Ngozi zilitoka vijijini katika marobota ya kumi kumi, na bei ilipatanwa kwa robota. Machibya akishaweka mkono juu ya robota na kusema "hizi safi," Liaqat hakufungua kamba.

Siku moja Liaqat alikuwa akisoma kamusi nene, akacheka.

"Machibya bwana, sikia. Waingereza wana neno, dicker, maana yake kuvutana bei. Chimbuko lake ni Warumi. Fungu la kumi waliliita decuria, na ngozi walizihesabu hivyo. Mwingereza akalichukua, robota la ngozi kumi akaliita dicker. Baadaye Wamarekani, kwa kuuziana ngozi, wakakuita hivyo hata kule kuvutana bei kwenyewe."

"Kumbe wamejifunza kwetu."

"Kwenu Usukuma?"

"Kwetu watu wa ngozi."

Tangu hapo muuzaji akilalamika, Machibya alimwambia biashara ya kumi ilianza kabla Mwingereza hajavaa suruali.

Lilipokuja soko huria, wanunuzi wageni walijaa Buzuruga na bei ikapanda kila wiki. Mayala, shemeji yake Machibya, kaka wa mkewe, akaanza kuleta marobota mengi. Nilipokuwa nayashusha, moja lililegea. Katikati niliona ngozi zilizotobolewa kwa kisu na nyingine zimeliwa na wadudu. Mayala akaniwahi.

"Funga, bwana. Unataka kumgombanisha mtu na shemeji yake?"

Nikafunga. Mimi si mtu wa maneno.

Machibya akaweka mkono. "Hizi safi. Za nyumbani."

Wiki tatu baadaye kiwanda kilichonunua ngozi zetu kiliurudisha mzigo wote. Liaqat aliumwaga sakafuni, hakupiga kelele.

"Kuanzia leo kila kamba inafunguliwa," alisema. "Na tunanunua kwa kilo."

Mayala aliitwa. Akajibu mbele ya watu wote: "Si wewe uliyesema safi, shemeji? Mkono ulikuwa wa nani?"

Machibya alikuwa ameinama, akizigeuza ngozi moja moja. Aliniuliza bila kuinua uso.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Mayala nilimwamini kwa sababu ya dada yake. Wewe hakuna aliyenilazimisha kukuamini."

Hakungoja mizani iletwe. Alihamia Butimba, anafuga nguruwe. Nikimsalimu njiani huitikia vizuri, lakini hasimami.