Oili Haikufika Juu

"Mama Lilly, umesikia? Eti baba yako alimwekea Majak oili kuukuu kwenye gari, ile mpya akaiuza!"

Achai aliyasema hayo kwenye foleni ya maji, huku akicheka na kuusukuma mtungi wake mbele kwa mguu. Keji, huyo Mama Lilly, alikaza kanga iliyombeba mtoto, akaacha jerikeni zake palepale na kuelekea gereji.

Baba yake, mzee Lomoro, alijifunzia ufundi Kitale miaka ya ukimbizi, na Keji akakulia huko. Ndiyo maana mpaka leo wakiwa wawili husemezana Kiswahili. Landkruza za zamani, zile zenye injini ya push-rodi, hapa mtaani Hai Mauna fundi wake ni yeye. Watu humfuata hata kutoka mtaa wa mbali wa Lemon Gaba. Juma lililopita alifungua injini ya Majak sehemu ya juu, akaifunga. Gari likatembea siku nne tu, likarudi likigonga ka-ka-ka.

Keji alimkuta Majak amesimama, mikono kifuani.

"Dada, mwambie mzee wako aseme tu. Aliweka oili gani?"

"Mpya," alisema Lomoro. "Kopo si lile pale?"

"Kopo hata mimi naweza kuokota, mzee wangu. Nakwenda kunywa chai. Nikirudi nataka jibu, sitaki hadithi."

Alipoondoka, Lomoro aliinamia injini iliyokuwa wazi. Pale juu palikuwa pakavu kama jiko lisilowashwa.

"Malesh, pole Baba. Labda pampu imekufa?"

"Pampu ni nzima. Sikiliza." Akaifuata njia ya oili kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akimwonyesha Keji alipokuwa mdogo. "Oili inalala chini kwenye sampu, bakuli lake. Pampu inainyonya, inaisukuma kwenye filta, inapita kwenye krenki na kemshafti. Halafu inapanda kwa tundu moja tu mpaka huku juu, inaingia ndani ya hii shafti ya roka, hivi vijimkono vinavyofungua vali. Shafti ina uwazi ndani. Inatokea kwenye vitundu, inalowesha roka, kisha inashuka kando ya zile fimbo ndefu za push-rodi kurudi chini. Shafti ikikaa vibaya, lile tundu moja linazibika."

"Na utajuaje imekaa vizuri?"

"Huku mwishoni ina mkato mdogo. Lazima mkato huo uelekee juu. Huo hapo, umeelekea juu."

Keji alitazama. Mkato ulikuwa umegeukia chini.

Akamtazama baba yake. Macho ya mzee yalikuwa yameelekea mahali penyewe hasa, hayakupepesa, na hayakuona kitu. Ndipo Keji alipokumbuka jinsi mzee alivyokuwa akipapasa sahani siku hizi kabla ya kumega chakula. Aliushika mkono wa baba yake, akakiweka kidole cha mzee juu ya ule mkato.

Lomoro aliupapasa mkato, akajua umegeukia chini.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu kabla ya mvua." Akachukua spana. "Wamesema mimi ni mwizi?"

"Ndiyo."

"Afadhali mwizi. Mwizi bado huletewa gari."

Aliilegeza shafti kwa kupapasa, akaigeuza, akaikaza. Keji akapanda kwenye usukani na mtoto mgongoni, akawasha. Akashuka kuchungulia, na kidogo hivi oili ikaanza kuchuruzika juu ya roka.

"Imefika, Baba! Inashuka!"

Lomoro hakufurahi. "Siku nne imezunguka bila kufika huku juu. Chuma kikisagana bila oili, unga wake unang'aa ndani ya oili. Ukiwemo, injini hii nimeiua, na hakuna atakayeniletea nyingine. Zima."

Akasubiri, akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye kiganja. Akasugua kwa kidole gumba, akanusa, akasugua tena. Kiganja cheusi kilikuwa kimejaa chembe ndogo zinazometameta juani. Majak alikuwa akivuka barabara, anarudi.

Mzee aliunyoosha mkono wake karibu na uso wa binti yake.

"Niangalizie, mwanangu. Usinihurumie. Niambie unachokiona."