Sungura wa Himalaya Aliyekaa Balkoni Kwetu

Wewe unanijua, mimi si mtu wa wanyama. Lakini juzi nilimpeleka binti yangu kwenye maonyesho ya wakulima, yale yanayokuja Toronto majani yakianza kupukutika, na tulipofika kwenye vizimba vya sungura miguu yangu ikagoma. Walikuwa weupe pe, macho mekundu, ila pua, masikio, nyayo na mkia vimetiwa rangi. Wengine nyeusi, wengine kijivu, wengine ya chokoleti, na mmoja zambarau iliyofifia kama kanga inayofuliwa kila siku. Wenye sungura wakaturuhusu tuwapakate, yeye na mimi. Binti yangu akauliza kwa Kiingereza kama kweli wametoka Himalaya, maana ndivyo kibandiko kilivyosema. Nikacheka peke yangu. Swali hilo nililiuliza nikiwa na umri kama wake, na aliyenijibu alikuwa bibi yangu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa ghorofani Etobicoke, hapa hapa Toronto, mimi, wazazi wangu, na bibi mzaa mama, mzaliwa wa Tanga. Nyumba ilinukia bizari na mbaazi za nazi. Wazazi walikuwa kazini kutwa, kwa hiyo mtu wangu alikuwa bibi. Alinisemesha Kiswahili, nikamjibu Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Shuleni mwalimu wetu alipewa sungura mchanga na mfugaji wa nje ya mji. Kizimba chake kiliwekwa kando ya hita, naye alikuwa karibu mweupe mwili mzima. Pua tu ilikuwa na kivuli, utadhani amenusa kakao. Mwalimu alituambia hii ni mbegu ya zamani na hakuna mwenye hakika ilitoka wapi. Kuna wanaomwita wa Himalaya, wengine wa Urusi, wengine wa Uchina, wengine wa Misri. Nilipomsimulia bibi na kumuuliza ukweli ni upi, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi huyo ni ndugu yetu," akasema. "Mimi naitwa Mhindi tangu nizaliwe, na India sijaikanyaga."

Baridi ilipoanza, mabomba ya joto ya darasa letu yakaharibika, tukahamishiwa maktaba. Sungura hakuwa na pa kukaa. Mwalimu akauliza nani atamchukua mpaka matengenezo yaishe, na mimi nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Bibi hakukataa. Alimkuna kichwa, akamwita mgeni, kisha akaweka sharti. Kwetu sisi Mashia sungura haliwi, na unyoya wake ukiwa kwenye nguo, sala haiwi sahihi. Kwa hiyo mgeni angekaa balkoni, ile iliyozungushiwa vioo. Akamtengenezea sanduku, akalijaza majani makavu, akalifunika kwa shali yake nzito. Maganda yote ya karoti na mabua ya kotimiri yakawa ya mgeni. Na kila nikitoka kucheza naye, bibi alinisimamisha mlangoni, akanivua sweta, akanipangusa kwa taulo bichi toka shingoni hadi magotini. "Haya geuka. Huku nyuma umebeba kilo nzima."

Manyoya ya zamani yakamtoka, mapya yakaota, na masikio yakazidi kukolea hadi yakawa meusi tii. Mimi nilidhani anakua tu. Nilipomrudisha darasani, mwenzangu mmoja akasema huyu si yeye. Msichana aliyekaa nyuma yangu akasema wazi kwamba tumemla, tukanunua mwingine. Nikamtazama mwalimu. Naye alimtazama sungura, akanitazama mimi, nikajua hata yeye hajui aamini nini. Nililia njia nzima, nikamwambia bibi shule basi, sirudi.

Bibi aliogopa barafu kuliko kitu chochote nchi hii. Lakini kesho yake alivaa mabuti ya mama na koti juu ya buibui, akanishika mkono, tukaenda. Akasimama mbele ya darasa. "Nitafsirie, na usipunguze neno," akaniambia. "Mwalimu, sisi mnyama huyu hatumli. Unyoya wake ukinigusa nguo, siwezi kusimama mbele ya Mungu mpaka niutoe. Baridi yote hii nimekuwa nikimpangusa mtoto huyu kwa sababu hiyo. Mgeni wenu ni yuleyule." Nikatafsiri yote.

Mwalimu akasema anatuamini. Hilo sitalisahau, maana alilisema kabla hajampigia simu mfugaji. Mfugaji alicheka. Ndivyo walivyo, akasema. Kwenye joto rangi hupauka, kwenye baridi hukolea pale mwili unapopoa upesi, masikioni, puani, miguuni na mkiani. Akamwomba atazame ndani ya sikio la kushoto, kuna alama ya wino aliyomchanja mwenyewe. Ilikuwepo. Yule msichana akaniomba radhi, akauliza kama anaweza kuja kuiona hiyo balkoni. Alikuja. Bibi akamlisha visheti, kisha akampangusa na yeye.

Bibi hayupo siku hizi. Balkoni ile nikipita naona watu wengine wameanika mazulia. Kiswahili nacho kimekosa wa kukijibu nyumbani kwangu. Lakini nashukuru, tena sana, kwamba kuna mtu aliwahi kukanyaga barafu kwa ajili yangu.

Tulipofika nyumbani kutoka maonyeshoni, binti yangu alitaka kukimbilia sebuleni, kwenye mkeka wangu wa sala. Nikamsimamisha mlangoni, nikalowesha taulo. "Haya geuka," nikamwambia. Nikampangusa mgongo, mikono, magoti. Nilipomaliza akatazama koti langu lilivyojaa manyoya meupe, akaninyang'anya taulo.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili. "Na wewe geuka."